Chuo bora cha udaktari ni kipi?

Mwezi uliopita, kiasi cha saa tano za usiku kwa saa za London, simu yangu ililia. Namba ilikuwa ya Unguja, ambako wakati huo ilikuwa tayari ni saa saba za usiku. Sisi tulio mbali tunajua kwamba simu ya nyumbani ya saa kama hizo mara nyingi haina kheri. Niliipokea moyo ukinidunda. Alikuwa ni dada yangu mdogo na, alhamdulillahi, hapakuwa na msiba.

"Kaka, nisamehe kwa kukuamsha," aliniambia. "Usingizi umenikataa. Wewe umeishi huko miaka yote hiyo na kazi yako ni kuuliza watu. Nambie kweli, chuo bora cha udaktari ni kipi?"

Kisa chenyewe ni hiki. Binti yake, mpwa wangu, amemaliza kidato cha sita na amefaulu vizuri fizikia, kemia na baiolojia. Anataka kuwa daktari tangu yuko skuli ya msingi. Sasa amekuja wakala mmoja aliyevaa suti, mkononi ana kompyuta, akamwonesha dada picha za majengo ya vioo na wanafunzi wenye makoti meupe wakicheka. Akamwambia kuwa hicho ni miongoni mwa vyuo bora duniani na kwamba nafasi zimebaki chache. Ada ya mwaka wa kwanza pamoja na gharama za utaratibu zilipwe kabla ya mwezi kwisha. Fedha hizo dada hana. Kilichopo ni kipande cha shamba la mikarafuu alichotuachia marehemu mzee wetu huko Donge, na hakiwezi kuuzwa bila ya sahihi za warithi wote. Sahihi moja ni yangu.

Mimi si daktari. Ni mwandishi wa habari ambaye, kwa sababu ya aliyoyaandika, hawezi kurudi kwao kwenda kuliangalia shamba hilo wala kumtazama huyo wakala usoni. Nilichoweza kumwahidi dada ni wiki mbili za kusoma na kuuliza. Haya ndiyo niliyoyapata, na nayaweka hapa kwa sababu najua nyumba nyingi, huku ughaibuni na huko nyumbani, zina swali kama hili mezani.

Orodha za kila mwaka

Mtu wa kawaida akitaka kujua chuo bora hufungua zile orodha zinazotolewa kila mwaka. Majina yanayojirudia juu ni yale yale: Harvard, Johns Hopkins na Stanford za Marekani, Oxford na Cambridge za hapa Uingereza, na Karolinska ya Sweden, ambayo ilianzishwa mwaka 1810 na ambayo ndiyo inayochagua washindi wa Nobel ya tiba tangu tuzo hiyo ianze mwaka 1901.

Hapana shaka hivi ni vyuo vikubwa. Lakini tuulize, orodha hizo hupima nini? Kwa sehemu kubwa hupima utafiti: makala ngapi zimechapishwa, zimetajwa mara ngapi na watafiti wengine, na maprofesa wa vyuo vingine wana maoni gani kuhusu chuo hicho. Hakuna anayekwenda wadini kutazama iwapo kijana aliyehitimu mwaka jana anajua kumsikiliza bibi wa miaka sabini anayelalamika tumbo.

Wakubwa wenyewe wameanza kulisema hilo. Januari 2023 Harvard, chuo cha tiba kilichoanzishwa mwaka 1782 na kilichozoea kukaa kileleni, kilitangaza kuwa hakitatoa tena takwimu zake kwa jarida mashuhuri la Marekani linalopanga vyuo. Mkuu wake wa wakati ule, George Daley, alieleza kuwa mpango huo hauwezi kuonesha kile ambacho chuo kinakitaka kwa wanafunzi wake, na kwamba unavishawishi vyuo kukimbilia namba. Siku chache baadaye Stanford, Columbia na vingine vikafuata njia hiyo hiyo. Basi ikiwa aliyepewa nafasi ya kwanza anasema mizani hii ina kasoro, sisi tuna haja gani ya kuuza shamba kwa ajili ya namba iliyoandikwa kwenye karatasi ya matangazo?

Kuna jambo jingine kuhusu Harvard ambalo wengi hawalijui. Chuo hicho hakina hospitali yake chenyewe. Wanafunzi wake hufundishwa katika hospitali za Boston zilizofungamana nacho, ikiwemo Massachusetts General, ambamo mnamo tarehe 16 Oktoba 1846 mgonjwa alipasuliwa mbele ya watu akiwa amelazwa kwa dawa ya etha bila ya kupiga kelele. Majengo si chuo. Chuo ni wagonjwa, walimu walio karibu na wagonjwa, na wanafunzi walio karibu na walimu hao. Fikra hii ilisimikwa vizuri zaidi katika mji mwengine, Baltimore.

Mfanyabiashara na masharti ya bibi mmoja

Katika karne ya 19 kusomea udaktari Marekani ilikuwa ni biashara. Vyuo vingi vilikuwa mali ya madaktari wachache waliowauzia wanafunzi tiketi za mihadhara. Mwanafunzi alikaa akasikiliza kwa miezi kadhaa, mwaka wa pili akarejewa mambo yale yale, kisha akapewa cheti. Aliweza kuitwa daktari bila ya kuwahi kumgusa mgonjwa. Hata Harvard, rais wake Charles Eliot alipotaka kuleta mitihani ya kuandika katika miaka ya mwanzo ya 1870, alijibiwa na profesa mmoja wa upasuaji kuwa haiwezekani, maana zaidi ya nusu ya wanafunzi hawawezi kuandika vizuri.

Mwaka 1873 alifariki mfanyabiashara wa Baltimore aliyeitwa Johns Hopkins. Aliacha dola milioni 7 zijengwe chuo kikuu na hospitali. Katika barua kwa wadhamini wake aliagiza kuwa hospitali ipokee masikini wa mji ule bila ya kujali jinsia, umri wala rangi. Chuo kikafunguliwa 1876 na hospitali 1889. Chuo cha tiba kikakwama kwa ukosefu wa fedha.

Waliokikwamua ni wanawake, wakiongozwa na Mary Elizabeth Garrett, binti wa tajiri wa reli. Walichangisha, na yeye mwenyewe akaongeza zaidi ya dola 300,000 ili itimie nusu milioni iliyotakiwa. Lakini hakutoa bure. Aliweka masharti: wanawake waingie kwa vigezo sawa na wanaume, na kila anayeingia awe kwanza amemaliza shahada, amesoma sayansi, na anasoma Kifaransa na Kijerumani, ambazo zilikuwa lugha za utafiti wa wakati ule. Wakuu wa chuo walisitasita, kisha wakakubali. Mwaka 1893 wakaingia wanafunzi 18, watatu kati yao wanawake. Inasimuliwa kuwa William Osler, mwalimu mkuu wa tiba pale, alimtania mwenzake William Welch kwamba ni bahati wao wameingia kama maprofesa, kwa sababu kama wanafunzi wasingepata nafasi.

Huyu Osler, mtu wa Canada, ndiye aliyewatoa wanafunzi darasani akawapeleka wadini. Kila mmoja alipewa wagonjwa wake, amhoji, ampime, aandike historia yake, na asubuhi asimame mbele ya mwalimu ajieleze. Miaka miwili ya kwanza ilikuwa ya maabara, miaka miwili ya mwisho ya wadini. Kwetu leo jambo hili linaonekana la kawaida. Zama zile lilikuwa mapinduzi, na Osler mwenyewe alilihesabu kuwa ndiyo kazi yake kubwa kuliko kitabu chake cha mwaka 1892 kilichosomwa dunia nzima.

Mlango uliofungwa

Mwaka 1910 Abraham Flexner, ambaye alikuwa mwalimu na wala si daktari, alitoa ripoti baada ya kuvitembelea vyuo 155 vya Marekani na Canada. Alikichukua Johns Hopkins kama kipimo, na kwa kipimo hicho vyuo vingi vikaonekana ni aibu tupu. Maabara hazina vifaa, hospitali ni jina tu, na kijana yeyote mwenye fedha ya ada anaingia. Katika miaka iliyofuata vyuo hivyo vikafungwa au vikaunganishwa, na udaktari wa Marekani ukapanda daraja.

Hiyo ni sehemu ya kwanza ya habari. Sehemu ya pili ni kuwa wakati ule kulikuwa na vyuo saba vilivyokuwa vikiwafundisha Waafrika wa Marekani. Flexner alipendekeza vibaki viwili tu, Howard cha Washington kilichoanza 1868 na Meharry cha Nashville kilichoanza 1876. Vitano vilivyobaki vikafa. Vyuo vya wazungu kwa sehemu kubwa havikuwapokea weusi, na kwa hivyo watu wengi walikosa pa kusomea, na jamii zao zikakosa wa kuwatibu. Mwaka 2020 jumuiya ya vyuo vya tiba ya Marekani iliondoa jina la Flexner kwenye tuzo yake kubwa kwa sababu ya yale aliyoyaandika kuhusu watu weusi.

Johns Hopkins chenyewe kina historia ya namna hiyo. Pamoja na wasia wa mwanzilishi wake, wagonjwa weusi walilazwa wadi zao mbali. Mwaka 1951 alitibiwa katika wadi hizo Henrietta Lacks, mama wa watoto watano aliyekuwa na saratani ya mlango wa kizazi. Chembe za mwili wake zilichukuliwa bila ya ridhaa yake, zikawa za kwanza za binadamu kuendelea kuzaana maabara bila kikomo, na zimetumika katika utafiti duniani kote, ikiwemo kazi ya chanjo ya polio. Yeye alifariki mwaka ule ule, na familia yake ilikaa zaidi ya miaka ishirini bila ya kujua.

Hapo hapo, Novemba 1944, ulifanyika upasuaji wa mwanzo wa kuwaokoa watoto wanaozaliwa na kasoro ya moyo inayowafanya wageuke rangi ya buluu. Daktari Helen Taussig alitoa fikra, Alfred Blalock akashika kisu, na nyuma yake, juu ya kibao, alisimama Vivien Thomas akimwelekeza hatua kwa hatua. Thomas alikuwa mtu mweusi, fundi seremala aliyekosa fedha za kusoma, na ndiye aliyeufanyia majaribio upasuaji ule kwa mbwa maabara. Aliwafundisha madaktari wengi wa upasuaji naye hana shahada. Chuo kilimpa shahada ya heshima mwaka 1976.

Nayaeleza haya kwa sababu "chuo bora" ni lazima kiulizwe pia kwamba ni bora kwa nani. Leo vyuo vikubwa vinajaribu kuufungua mlango. Chuo cha tiba cha New York University kilifuta ada kwa wanafunzi wote mwaka 2018. Mwaka 2024 Albert Einstein cha Bronx kikafuata, baada ya kupewa dola bilioni 1 na Ruth Gottesman, aliyekuwa profesa wake. Mwaka huo huo Michael Bloomberg naye akatoa dola bilioni 1 ili wanafunzi wa udaktari wa Johns Hopkins wanaotoka familia zenye kipato cha chini ya dola 300,000 kwa mwaka wasilipe ada. Mary Garrett alinunua mlango kwa laki tatu. Sasa bei yake ni bilioni.

Hamilton na Havana

Si kila chuo kilichojitofautisha kimefanya hivyo kwa maabara na mabilioni. Katika mji wa Hamilton, Canada, chuo kikuu cha McMaster kilipokea wanafunzi wake wa mwanzo wa udaktari mwaka 1969 kikiwa kimeamua kuachana na mihadhara mirefu. Wanafunzi wachache hukaa mezani pamoja na mwalimu, wakapewa tatizo la mgonjwa: mtu huyu ana homa, anakohoa damu, amekonda. Kisha wajiulize wanajua nini, hawajui nini, waende wakatafute, warudi waelezane. Elimu ya mwili, dawa na maradhi inafuata nyuma ya mgonjwa. Maastricht ya Uholanzi ilichukua njia hiyo katika miaka ya 1970, na leo vyuo vingi duniani vinaitumia kwa kiasi fulani.

Havana ni habari nyengine. Baada ya vimbunga Georges na Mitch kuiteketeza Karibiani na Amerika ya Kati mwaka 1998, Cuba ilipeleka madaktari. Halafu ikaona kuwa madaktari wa kuazima hawatoshi. Mwaka 1999 ikafungua chuo kiitwacho ELAM katika majengo yaliyokuwa skuli ya jeshi la majini, ikawaita vijana wa familia masikini kutoka nchi mbalimbali, wasome bure, wapewe chakula na malazi. Kinachotakiwa kwao ni ahadi ya kurudi kuwatibu watu wasio na daktari. Hata vijana masikini kutoka Marekani wamesoma hapo. Wapo wanaokikosoa chuo hicho kwa vifaa vichache na kwa siasa iliyo nyuma yake, na ukosoaji huo una haki ya kusikilizwa. Lakini swali lake la kuingilia halifanani na la wengine. Wengine humuuliza kijana amepata alama ngapi. Havana pia inamuuliza anatoka wapi na atarudi kwa nani.

Makerere na Muhimbili

Sasa turudi kwetu, maana tuna tabia ya kudhani kuwa sisi hatuna la kuhesabiwa. Mafunzo ya udaktari Makerere yalianza mwaka 1924 katika kilima cha Mulago, Kampala, na kwa miaka mingi madaktari wa Kenya, Tanganyika na Zanzibar walitoka huko. Hapo ndipo Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland, alipowaona watoto wenye uvimbe wa taya, akauandika mwaka 1958, na mwaka 1961 akafunga safari ya gari ya maili zipatazo 10,000 hadi kusini mwa Afrika akiuliza hospitali moja moja ugonjwa ule unaishia wapi. Vipande vya uvimbe kutoka Kampala vilisafirishwa kwa ndege hadi hapa London, na mwaka 1964 vikawaonesha Anthony Epstein na wenzake kirusi cha kwanza kujulikana kuhusika na saratani ya binadamu.

Kisha akaja Idi Amin. Walimu walifukuzwa, wengine wakakimbia, wengine wakauawa. Chuo kilibaki na kuta, lakini hakikufa. Mwaka 1985 madaktari waliokuwa Mulago, akiwemo kijana David Serwadda, ni miongoni mwa walioueleza ulimwengu kuhusu maradhi mapya ya kukonda ambayo wenyeji waliyaita silimu. Ulikuwa ni ukimwi. Huwezi kuyajua hayo kama chuo chako hakina wagonjwa wa nchi yako.

Dar es Salaam nako kuna mfanyabiashara aliyetoa mali yake. Hospitali ya Sewa Haji, iliyopewa jina la tajiri wa Bagamoyo, ilianza mwaka 1897. Mwaka 1956 ikarithiwa na hospitali ya Princess Margaret, ambayo baada ya uhuru ikawa Muhimbili. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 madaktari wake Waafrika walikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Mwaka 1963 kikafunguliwa hapo chuo cha tiba, mwaka 1968 kikawa kitivo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2007 kikawa chuo kikuu kamili. Mwanafunzi wake akikulalamikia msongamano wa wadini, mwamini. Lakini msongamano huo huo una malaria, kifua kikuu, seli mundu, ajali za bodaboda na uzazi wenye matatizo. Kijana wa Boston anaweza kumaliza masomo asimwone mgonjwa wa malaria hata mmoja.

Na Zanzibar je? Mwaka 2007 tulianza kufundisha madaktari wetu wenyewe kwa ushirikiano na chuo kikuu cha tiba cha Matanzas, Cuba, na walimu walikuwa Wacuba. Wa mwanzo walihitimu mwaka 2013, na kazi hiyo baadaye ikaendelezwa na Chuo Kikuu cha Taifa, SUZA.

Hapa niseme jambo la kwangu. Miaka michache iliyopita mama yetu alilazwa huko nyumbani, na mimi nikiwa huku siwezi kupanda ndege. Usiku wa tatu alinipigia daktari kijana, mwanamke, aliyesoma hapo hapo Unguja. Akanieleza kwa Kiswahili cha nyumbani figo zimefikia wapi, nini wanaweza kufanya na nini hawawezi. Hakuniahidi asichokuwa nacho. Kabla ya kukata simu akasema, "Bibi anakuulizia, nikuwekee simu sikioni kwake?" Mama aliishi siku tisa zaidi. Katika orodha za dunia chuo cha daktari yule hukioni. Mimi nimekiweka mahali pangu.

Maswali ya kumuuliza wakala

Baada ya wiki mbili nilimpigia dada na nikampa maswali matano. Nayarudia hapa kwa kila mzazi.

La kwanza, je, shahada ya chuo hicho inatambuliwa nyumbani? Kwa Tanzania aulizwe Tume ya Vyuo Vikuu na Baraza la Madaktari, asiulizwe wakala. Iko pia orodha ya dunia ya vyuo vya udaktari kwenye intaneti, yenye vyuo zaidi ya 3,000, na kuitazama ni bure. Lakini mfahamu, kuwemo katika orodha hiyo peke yake si ithibati.

La pili, wagonjwa wako wapi? Hospitali inaitwaje, iko umbali gani na chuo, na mwanafunzi anaanza kuingia wadini mwaka wa ngapi?

La tatu, wagonjwa hao wanasema lugha gani? Vipo vyuo vya nje vinavyofundisha wageni kwa Kiingereza darasani, lakini mgonjwa kitandani anasema lugha ya nchi yake. Kijana asiyeijua husimama nyuma ya wenzake miaka mitatu akitazama tu. Huko ni kurudi kwenye mihadhara ya kabla ya Osler, isipokuwa mihadhara hii mtu anaisikiliza akiwa amesimama.

La nne, wahitimu wa kutoka kwetu wako wapi leo? Majina yao yatajwe, wapigiwe simu. Walifaulu mitihani ya usajili? Walipata nafasi ya mwaka wa mafunzo hospitalini? Na anayefikiria kubakia Ulaya ajue kuwa cheti si kazi. Hapa Uingereza daktari aliyesoma nje kwa kawaida hupimwa Kiingereza, kisha hukabiliwa na mtihani wa sehemu mbili uitwao PLAB. Namjua daktari kutoka Kongo, mtu mzima mwenye uzoefu, aliyewaogesha wazee katika nyumba ya kulelea kwa miaka minne huku akisoma usiku.

La tano, mambo yakiharibika itakuwaje? Februari 2022 Urusi ilipoivamia Ukraine, maelfu ya wanafunzi wa Kiafrika, wengi wao wa udaktari, walijikuta kwenye baridi wakitafuta mpaka, na wazazi wao wameshalipa. Hakuna aliyeweza kulitabiri lile kwa yakini, lakini waliokuwa na mkataba unaosomeka na chuo chenye ushirikiano na vyuo vyengine angalau walikuwa na pa kuanzia.

Dada alimpelekea wakala maswali hayo kwa maandishi. Akajibu la kwanza kwa kusema "inatambuliwa kote", la pili kwa kuleta picha nyengine za majengo, na yaliyobaki akasema muda unakwenda. Kisha akapunguza ada. Nilimwambia dada kuwa bei ya elimu haishuki kwa sababu mzazi ameuliza swali.

Sahihi yangu sikuitoa. Sikuliona jambo hilo jepesi, kwa sababu mpwa wangu alilia, na mjomba aliye mbali ni rahisi kuonekana kuwa ndiye mwenye kuzuia rizki. Nilizungumza naye mwenyewe siku ya pili. Nilimweleza habari za Mary Garrett na za Vivien Thomas, nikamwambia kuwa sikatai asome, na kwamba likipatikana jibu la maswali matano, popote iwapo, nitaituma sahihi siku hiyo hiyo. Akanyamaza kidogo, halafu akaniuliza: "Mjomba, yule daktari wa bibi alisoma wapi?"

Ameomba SUZA na Muhimbili. Majibu hayajatoka. Akikosa mwaka huu ataomba tena mwakani, na huenda siku moja akaja kufanya ubingwa Baltimore au London akiwa tayari ni daktari aliyewashika wagonjwa wa kwao kwa mikono yake. Shamba la Donge bado lipo, na msimu huu, dada ananiambia, mikarafuu imechanua vizuri.